Rejista ya Wodi Ndiyo Ikuchagulie Ubobezi

Hotuba kwa wauguzi na wakunga wa Mkoa wa Tabora katika maadhimisho ya Siku ya Wauguzi Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mganga Mkuu wa Mkoa. Muuguzi Mkuu wa Mkoa. Waganga wafawidhi na wauguzi wafawidhi. Viongozi wa Chama cha Wauguzi Tanzania. Walimu wenzangu na wanafunzi wa vyuo. Na ninyi mliotoka zamu ya usiku mkaunganisha hadi hapa bila kulala: mwangaluka!

Mshereheshaji ameshanionesha saa yake kabla sijashika kipaza sauti, kwa hiyo naomba itifaki ihesabike imezingatiwa. Nimeombwa nizungumzie kusomea ubobezi katika uuguzi. Mada hii kwa kawaida hupewa mtu aje kutuhimiza tusome. Mimi sitahimiza. Wauguzi wa nchi hii wanasoma sana. Pita wodi yoyote usiku, utamkuta mmoja ana fomu ya chuo ndani ya mkoba. Langu ni kuuliza wanasoma nini, na wakirudi wanawekwa wapi.

Tuambizane ukweli. Wenzetu wengi wakipata nafasi huchagua utawala, rasilimali watu au maendeleo ya jamii. Siwalaumu. Mtu amekaa wodini miaka na miaka, mgongo unauma, daraja halipandi, anaona pa kutokea ni shahada isiyomgusa mgonjwa. Lakini pigeni hesabu ya hasara: sista aliyekuwa anaupata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji kwa mkono wa kwanza, leo anapokea fomu za likizo. Ninachosema mimi ni kwamba ipo njia ya kusoma inayokuingiza ndani zaidi ya kazi badala ya kukutoa, na njia hiyo huanzia kwenye rejista ya wodi yako. Fungua rejista, tazama wanaolazwa kwa nini, wanaorudi kwa nini, wanaokufa kwa nini. Pale unapokwama mara kwa mara ndipo pa kusomea.

Nichukue mfano mmoja niukalie, maana nimefanya kazi wodi ya watoto na ndiko ninakokujua.

Saa nane za usiku analetwa mtoto wa miaka minne. Ana homa, macho yana umanjano, mama anasema mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Muuguzi mwenye msingi mzuri atapima joto, atapima malaria, ataweka kanula ya mshipani, atampa paracetamol na kumwita daktari. Malaria ikionekana, roho za wote zinatulia; ugonjwa si umepatikana? Dawa inaanza, mtoto anapewa kitanda.

Muuguzi aliyebobea kwa watoto hatulii hapo. Anajua kwamba bandama ya mtoto mwenye selimundu huanza kushindwa kazi mapema mno, katika miaka ya kwanza ya maisha, na bandama ndiyo inayochuja bakteria wanaoingia kwenye damu. Kwa hiyo homa kwa mtoto huyu ni dharura hata kama malaria imeonekana, na suala la antibayotiki atalipeleka kwa daktari usiku huohuo, halingoji raundi ya asubuhi. Ataweka mkono tumboni, kushoto chini ya mbavu, aitafute bandama. Ikiwa imevimba ghafla na mtoto amepauka, maana yake damu inakusanyika humo ndani, na mtoto anaweza kuishiwa damu ndani ya saa chache bila tone moja kudondoka sakafuni. Atauliza kama kuna mkono au mguu uliolegea tangu jana, kwa sababu kiharusi huwapata watoto hawa. Na kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, atamshika vidole amwoneshe namna ya kuipapasa bandama ile, aujue ukubwa wake wa kawaida, ili siku ikibadilika asisubiri kupambazuke.

Katika hayo yote hakuna mashine hata moja. Kuna mkono, kuna maswali, na kuna maarifa ya mtu aliye macho saa nane za usiku. Na mtu huyo, mnajua wenyewe, mara nyingi si daktari.

Kwa nini selimundu? Kwa sababu tuko Tabora. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 uliuweka mkoa huu juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka 5: asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Na malaria na selimundu vina historia ya pamoja. Tangu mwaka 1954 inajulikana kwamba aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali; ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu kwenye nchi za mbu. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa, na kwa makadirio Tanzania inapata watoto kama 11,000 wa namna hiyo kila mwaka. Mwaka 2019 yalichapishwa majaribio ya dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata malaria ilipungua. Lakini ni dawa inayohitaji mtu wa kufuatilia picha kamili ya damu, kupanga dozi kwa uzito wa mtoto na kuzungumza na familia kwa miaka. Hiyo ni kliniki ya muuguzi. Tunao wangapi mkoani wanaoweza kuisimamia? Kila mfawidhi ahesabu kimoyomoyo kituoni kwake.

Jioni tutawasha mishumaa na kurudia kiapo, kama kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwasisi wa uuguzi wa kisasa, mwaka 1820. Mishumaa ni mizuri na picha zake hupendeza. Ila mama huyu tunamkumbuka kwa taa aliyozunguka nayo wodini usiku, tukasahau daftari lake. Alipotoka kwenye vita ya Crimea alikaa na takwimu za vifo vya askari, akachora michoro iliyowaonesha wakubwa wa Uingereza kwamba waliokufa kwa maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa majeraha, na kwamba maradhi hayo yangezuilika. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Kwa hiyo ninapowaambia mfungue rejista, sijaleta jambo geni. Ndiyo kazi iliyoasisi taaluma yetu.

Wapo wanaosema cheti ni karatasi, kazi ni mkono. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliouliza kama wagonjwa wa upasuaji hufa kwa uchache zaidi penye wauguzi wengi wenye vyeti vya ubobezi. Jibu lilikuwa ndiyo, kwa sharti moja: faida ilionekana pale wenye vyeti hivyo walipokuwa pia na shahada ya uuguzi. Cheti cha ubobezi kilichokaa juu ya msingi mwembamba hakikuonesha tofauti. Hilo nawaomba mliosoma kwa cheti na stashahada mlisikie bila kukata tamaa: usiruke ngazi. Kaza msingi kwanza.

Na hao Wamarekani wana jambo jingine ninalolipenda. Mtihani wao wa ubobezi wa wagonjwa mahututi ulianza mwaka 1976, na hukubaliwi kuufanya mpaka uthibitishe umewahudumia wagonjwa hao kwa mikono yako. Njia mojawapo inadai saa 1,750 ndani ya miaka 2, nusu yake ziwe za mwaka wa karibuni. Ukifaulu, cheti kinadumu miaka 3, kisha unathibitisha tena. Yaani wodi kwanza, mtihani baadaye, halafu wodi tena. Kwetu mara nyingi tunakwenda kinyume: mtu anaomba kozi kwa sababu ina nafasi, au kwa sababu rafiki yake ameiomba, halafu akirudi ndipo anaanza kuitafutia wagonjwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna utafiti mwingine ambao nikiuacha nitakuwa sijawatendea haki wenzangu. Mwaka 2014 zilichapishwa takwimu za hospitali za nchi 9 za Ulaya, zenye wagonjwa zaidi ya 400,000 waliofanyiwa upasuaji. Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kifo kwa asilimia 7. Na kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7 vilevile. Elimu inaokoa, idadi inaokoa. Muuguzi bobezi mmoja kwenye wodi yenye wagonjwa sitini hatafanya miujiza, na asibebeshwe lawama ya miujiza isiyotokea.

Sasa tuangalie rejista nyingine za mkoa, kwa haraka.

Rejista ya leba. Tabora ilikuwa miongoni mwa mikoa mitano, pamoja na Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza, iliyoshiriki mpango wa uzazi salama ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Hospitali 30, akina mama zaidi ya laki mbili na nusu. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Siri yake kubwa ilikuwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale leba, mkunga na mdoli wa mafunzo, kifuko na kinyago cha kumpulizia mtoto hewa mkononi, dakika ya kwanza ya maisha. Baadhi yenu mlishiriki, nawaona mnatikisa vichwa. Basi niulize: mazoezi yale yanaongozwa na nani mradi unapoondoka? Semina huisha na posho huisha. Anayebaki ni mkunga anayejua kwa nini mapigo ya moyo wa mtoto ndiyo yanayokuambia uendelee au ubadilishe mbinu, na anayeweza kumweleza mwenzake bila kumdhalilisha mbele ya mgonjwa. Huyo ndiye tunayetaka akasome ukunga kwa kina.

Rejista ya upasuaji. Serikali imejenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya hadi vijijini, na hili ni jema. Lakini mama hapasuliwi kwa sababu chumba kipo. Anapasuliwa kwa sababu yupo mtu wa kumpa ganzi ya mgongo au kumlaza usingizi, na kumwamsha. Katika hospitali nyingi za wilaya na vituo vya afya mtu huyo si daktari bingwa, ni muuguzi au mtabibu aliyesomea. Akienda likizo, chumba kinafungwa, na mama anapakiwa kwenye gari la wagonjwa kutafuta hospitali nyingine kwa barabara mnazozijua wakati wa masika. Nikiulizwa na kijana wa miaka 26 mwenye mkono mtulivu na asiye na papara asomee nini, namwambia ganzi na usingizi kabla hajamaliza sentensi.

Rejista ya kliniki ya akina mama: saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Uchunguzi kwa kutumia siki, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi, unafanywa na muuguzi, na vidonda vya awali vinaweza kutibiwa siku hiyohiyo na muuguzi aliyefunzwa. Ipo pia rejista tusiyoifungua kabisa. Urambo, Kaliua na Sikonge tunalima tumbaku. Mchumaji wa majani mabichi yenye umande hunyonya nikotini kupitia ngozi, anatapika, kichwa kinazunguka, anaishiwa nguvu. Anafika zahanati, anapimwa malaria, na kwa mkoa wenye malaria kama wetu sitashangaa ikionekana. Nani kati yetu amesomea afya ya wafanyakazi mashambani? Naliacha hapo, mwanafunzi mwenye macho makali alichukue.

Mahali pa kusoma papo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada za uzamili za uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. Hospitali ya rufaa ya KCMC ya Moshi imefundisha kwa miaka mingi wataalamu wa ganzi na usingizi na wauguzi wa macho. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, inajulikana kwa afya ya akili. Kozi nyingine hufunguliwa na nyingine husimama, kwa hiyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka husika, wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa stashahada na wa vyuo vikuu kwa shahada. Usitegemee maneno ya kwenye kundi la WhatsApp. Hakikisha Baraza la Uuguzi na Ukunga linautambua ubobezi huo kabla hujalipa ada. Na usiondoke bila barua ya ruhusa ya masomo. Ingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako mapema, hata kama mwaka wa kwanza utaambiwa hakuna fungu, kwa sababu anayeondoka kimyakimya hukuta mshahara umesimama na shauri la utoro linamsubiri.

Kuna hofu ya Kiingereza, ambayo watu huificha nyuma ya hofu ya ada. Vitabu na mitihani ya ngazi hizo ni Kiingereza. Dawa yake si kozi ya lugha. Ni kusoma ukurasa mmoja kwa wiki kuhusu mgonjwa uliyemhudumia wiki hiyo, na wenzako wawili watatu, mkaujadili kwa Kiswahili mpaka uwaingie. Mtu akishamwona mgonjwa, maneno ya kitabu huwa mepesi.

Nimalizie na ninyi wakubwa mlioketi mbele. Nimeona, na sitataja wapi, muuguzi amerudi na shahada ya uzamili ya wagonjwa mahututi, akapangiwa kugawa namba za foleni wagonjwa wa nje. Alipouliza akajibiwa kwamba ratiba ya kuzunguka wodi haina upendeleo. Ratiba hiyo inafaa kwa anayejifunza kazi. Kwa aliyekwishabobea ni namna ya kumsahaulisha. Ombi langu kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni waraka mmoja wa mkoa: aliyesomea ubobezi kwa ruhusa na gharama ya umma akae katika eneo lake kwa miaka isiyopungua mitatu, na apewe muda rasmi katika zamu wa kuwafundisha wenzake. Hauhitaji bajeti.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.

[Baada ya hotuba kulikuwa na muda wa swali moja. Mkunga kutoka zahanati moja ya Uyui aliuliza: “Mwalimu, hayo ya wodi na upasuaji ni ya hospitali. Mimi zahanati niko peke yangu na mhudumu wa afya mmoja. Nikiondoka inafungwa. Ubobezi wangu mimi ni upi?”]

Ahsante sana, dada yangu, na pole kwa kazi. Wewe rejista yako ni ile ya rufaa. Andika pembeni kila uliyempeleka wilayani katika mwaka uliopita, na sababu ya kumpeleka, kisha uwapigie simu wenzako wa kule uwaulize alifika katika hali gani. Nahisi utakuta watoto waliozaliwa na uzito mdogo, waliofika wamepoa mwili. Ikiwa ndivyo, usingoje chuo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, na Muhimbili ikiwa mojawapo ya hospitali zilizoshiriki, ulionesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakiwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vya siku 28 za mwanzo hushuka kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Kwako hakuna wodi kama zile za uchunguzi, lakini joto la kifua cha mama ni lilelile: mfunge mtoto kwa khanga kifuani, na asafiri hivyohivyo ndani ya gari. Hilo unaanza kesho.

Halafu uombe ukunga, ngazi inayofuata na ile uliyonayo. Na kwa kuwa uko peke yako, usiombe ruhusa kwa barua tupu. Omba pamoja na mwenzako wa zahanati ya jirani mpokezane, mmoja akienda mwingine aombewe mtu wa kumsaidia, na kwenye barua ya kwenda kwa Mkurugenzi ambatanisha nakala ya orodha uliyoiandika, majina ya wagonjwa ukiwa umeyafuta. Muuguzi Mkuu wa Mkoa yuko hapa, anakusikia. Nenda kaonane naye kabla chakula hakijaanza, maana kikianza hutampata tena.